Bei ya chini peke yake haishindi zabuni ya gari la zimamoto

Nchini Kenya, zimamoto ni kazi ya kaunti. Kaunti ya jiji inapotangaza zabuni ya gari lenye ngazi ndefu, wengi huamini kwamba mwenye bei ya chini ndiye mshindi. Sababu ya imani hiyo naielewa: siku ya kufungua zabuni, bei husomwa kwa sauti mbele ya wazabuni. Akinyimwa aliyetaja bei ndogo, watu husema pameliwa rushwa.

Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazungumzia bei ya chini *iliyotathminiwa*. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kwanza hukaguliwa stakabadhi, kama vile cheti cha kodi. Kisha huja ufundi: ngazi inafika urefu gani, inabeba uzito gani ikiwa imenyooshwa, miguu ya kulituliza gari inahitaji nafasi kiasi gani barabarani, vipuri vinapatikana wapi. Anayekosa sharti la lazima hutoka hapo, hata bei yake ikiwa nusu ya wenzake. Bei hulinganishwa kwa waliobaki tu. Na ndivyo inavyostahili, kwa maana ngazi isiyofika ghorofa ya nane haimfai aliyekwama huko.

Aliyeshindwa naye hafungwi mdomo. Mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 tangu wazabuni waarifiwe matokeo, na ndani ya siku hizo anaweza kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi, inayopaswa kuamua katika siku 21.