Nani alipwe kuijenga New Orleans?

Kila mwaka ninapofundisha sera za maafa, hakosekani mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu moyo wa kujitolea: vijana walivyomiminika, walivyobeba vifusi, walivyogawa chakula. Simkatazi. Namuuliza tu: wenyeji wenyewe walikuwa wakifanya nini wakati huo, na nani alikuwa akiwalipa? Swali hilo liliwashika wanafunzi wa San Jose State University, California, mwaka 2006, likawatoa kwenye nyundo na koleo na kuwafikisha kwenye ofisi za wabunge. Muswada waliousukuma, wa kuwaajiri wakazi waliokumbwa na Kimbunga Katrina waijenge upya pwani yao, haukupita. Hata hivyo, ukitaka kuelewa jinsi fedha za ujenzi mpya zinavyotembea baada ya janga, sijui mfano mzuri kuliko huo.

Tuanze na maji. Kimbunga Katrina kilitua pwani ya Louisiana asubuhi ya Agosti 29, 2005. Upepo na mawimbi viliisagasaga pwani ya Mississippi, lakini kilichoizamisha New Orleans ni kubomoka kwa matuta na kuta za mifereji zilizojengwa na wahandisi wa jeshi la serikali kuu. Takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa. (Ndiyo maana wengi wetu katika fani hii tunasita kuliita janga la asili bila kutia neno.) Zaidi ya watu milioni moja walihama makwao katika ukanda wa Ghuba ya Meksiko, wengine wakafika Houston na Atlanta na hawakurudi. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 484,674 New Orleans. Ya 2010 ikahesabu 343,829.

Wanafunzi walianza kufika wakati wa likizo. Vikundi kama Common Ground, kilichoanzishwa mtaa wa Algiers, New Orleans, siku chache baada ya kimbunga na Malik Rahim na wenzake, viliwapokea kwa maelfu, hasa likizo ya machipuko ya 2006. Kazi kubwa ilikuwa kuzivua nyumba. Nyumba iliyokaa majini kwa wiki mbili au tatu haifagiliwi ikaisha. Unaingia na ovaroli, glavu, buti na barakoa ya kuchuja hewa, kwa sababu ukungu umepanda kutani hadi darini. Mstari wa maji unauona ukutani kama uliopigwa kwa rula. Kwanza vinatoka vitu vya watu: magodoro yaliyovimba, picha za harusi, vitabu vya shule. Jokofu halifunguliwi hata kwa dawa. Linafungwa kwa utepe wa gundi na kusukumwa hadi ukingo wa barabara likiwa na uozo wake ndani. Kisha yanavunjwa mabao ya jasi ya kuta, sufi iliyolowa inang'olewa, misumari inatolewa mmoja mmoja, mpaka zinabaki nguzo za mbao peke yake. Mbao hizo lazima zipigwe brashi, zitiwe dawa ya ukungu na ziachwe zikauke kabisa kabla ya kufunikwa tena.

Hapo ndipo mfanyakazi wa kujitolea anapofika mwisho wa uwezo wake. Nyumba iliyovuliwa inahitaji fundi umeme mwenye leseni, fundi bomba, fundi wa paa, mkaguzi wa jiji na mtu wa kuwalipa wote hao. Kijana wa sosholojia hawezi kuunganisha nyaya, na hata akiweza sheria haimruhusu. Kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuwa na nyumba safi, kavu, zilizosimama kama vizimba, na wenye nyumba wakiwa Texas kwa sababu hawana ajira ya kuwarudisha. Na fundi umeme wa mtaa huohuo naye huenda yuko Texas.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi wa habari hawaligusi kwa sababu linachosha kulieleza. Chini ya Sheria ya Stafford, inayosimamia misaada ya maafa Marekani, serikali kuu kwa kawaida hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, na jimbo na serikali za mitaa hutafuta kilichobaki. Masharti ya FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, yanaruhusu saa za watu waliojitolea kwenye kazi za dharura kuthaminiwa kwa dola na kuingizwa katika mchango huo wa mitaa. Yaani kijana anapojiandikisha kwenye karatasi ya mahudhurio asubuhi, jasho lake linaweza kugeuka kuwa tarakimu katika hesabu za halmashauri. Sisemi ni wizi. Kwa mji uliofilisika ni nafuu ya kweli. Kwa Katrina penyewe Bunge lilikuja kuifuta sehemu ya mitaa mwezi Mei 2007. Lakini mfumo huo unaonyesha kazi ya bure ilivyokwishapewa nafasi katika vitabu vya hesabu, huku ujira wa mwenyeji ukiwa bado unatafutiwa pa kuwekwa.

Na ujira huo ulipigwa mapema sana. Tangu 1931 iko sheria iitwayo Davis-Bacon, inayowataka wakandarasi wa miradi ya serikali kuu kuwalipa wafanyakazi kiwango kisichopungua kile kilichozoeleka katika eneo husika. Septemba 8, 2005, siku kumi baada ya kimbunga, Rais George W. Bush aliisitisha katika sehemu za Louisiana, Mississippi, Alabama na Florida. Hoja ilikuwa kwamba ujenzi utakuwa wa haraka na wa gharama nafuu. Kelele zilipigwa na vyama vya wafanyakazi, makanisa, wabunge wa Democratic na hata baadhi ya wale wa Republican, na sheria ikarudishwa kuanzia Novemba 8. Mikataba iliyokwishafungwa katika miezi ile miwili haikuguswa. Mkandarasi mkuu alimpa kazi mkandarasi wa pili, wa pili akampa wa tatu, kila mmoja akikata chake, na anayepanda juu ya paa kufunga turubai la bluu anapata kilichobaki. Wahamiaji wengi walioletwa kufanya kazi hizo walidhulumiwa hata hicho kidogo.

Sheria ya Stafford ina kifungu cha 307 kinachotaka makampuni na watu wa eneo la janga wapewe kipaumbele katika mikataba. Kizuri, ila kinasema hivyo kwa kadiri inavyowezekana, na ofisa wa manunuzi mwenye haraka siku zote ataona haiwezekani. Bunge lilikikaza kifungu hicho Oktoba 2006 lilipoifanyia FEMA marekebisho. Ruzuku za dharura za wizara ya kazi nazo zilikuwepo, lakini ni za kuajiri watu kwa muda, mara nyingi miezi sita, kufagia na kugawa misaada. Hujengi shule kwa kibarua cha miezi sita.

Katika hali hiyo ndipo lilipozuka wazo la darasa la Scott Myers-Lipton, profesa wa sosholojia pale San Jose State. Wanafunzi walikuwa wakisoma historia ya umaskini Marekani, wakakutana na miaka ya 1930. Novemba 1933 serikali ya Franklin Roosevelt ilianzisha mpango wa kazi za umma chini ya Harry Hopkins, na kufikia Januari 1934 watu zaidi ya milioni nne walikuwa kazini. Miezi miwili! Mpango ule ulifungwa baada ya majira ya baridi, lakini mwaka 1935 ikaja WPA, mpango mwingine wa serikali wa kazi za umma, ambayo hadi inafungwa mwaka 1943 ilikuwa imewaajiri watu wapatao milioni 8.5. New Orleans yenyewe inaishi juu ya kazi hiyo: bustani kubwa ya City Park ilijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa WPA, na soko la French Market lilikarabatiwa nao. Wanafunzi wakauliza jambo la kawaida kabisa: kama serikali iliweza kumlipa asiye na kazi ajenge daraja mwaka 1935, kwa nini isimlipe mtu wa Lower Ninth Ward, mtaa wa New Orleans, ajenge shule ya watoto wake mwenyewe?

Wakauita mpango wao Gulf Coast Civic Works. Dai lilikuwa fupi: ajira zisizopungua 100,000 pamoja na mafunzo, kwa wakazi wa ukanda wa Ghuba na waliohamishwa, za kujenga upya shule, vituo vya zimamoto na polisi, makazi, bustani, matuta ya kuzuia maji na ardhi oevu inayopunguza nguvu za mawimbi. Kwangu mimi uzito wake uko katika lile neno "waliohamishwa". Misaada mingi ya maafa humfuata mtu alipo au kulifuata jengo lilipo. Huu ulimwambia mtu aliyeko Houston kwamba nyumbani kuna kazi inamsubiri, na mshahara ndio nauli ya kurudia.

Sasa, wanafunzi wa California walipataje mlango wa Bunge? Hapa wanaharakati vijana wasome taratibu. Hawakuanza na maandamano Washington. Mbunge wa eneo la San Jose alikuwa Zoe Lofgren, nao walikuwa wapiga kura wake, na mbunge humsikiliza kwanza anayeweza kumnyima kura. Kisha wakatafuta watu wa eneo lenyewe la janga, kwa sababu muswada wa Louisiana unaoletwa na Mkalifornia peke yake ungechekwa. Novemba 2007 muswada namba 4048 uliwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi na Lofgren pamoja na Charlie Melancon wa Louisiana na Gene Taylor wa Mississippi. Taylor alikuwa mhafidhina ndani ya chama chake, tena nyumba yake mwenyewe pale Bay St. Louis ilikuwa imesombwa na Katrina. Mtu kama huyo akisimama upande wako, huhitaji kueleza sana kwa nini watu wanataka kujenga.

Muswada ulipelekwa kwenye kamati, ukafia huko Bunge lile lilipomaliza muda wake Januari 2009. Uliwasilishwa upya mwaka 2009, nao ukaishia njiani vilevile. Hilo si ajabu, kwani miswada mingi ya Marekani hufa hivyo. Nikiulizwa sababu, nataja mbili. Ya kwanza ni anguko la uchumi la 2008: ghafla nchi nzima ilikuwa haina kazi, na kilio cha New Orleans kikawa kimoja kati ya hamsini. Sheria ya kuchochea uchumi ya Februari 2009, ya dola bilioni 787, ilitawanya fedha kila jimbo, lakini zaidi kupitia mifereji ileile ya kodi, ruzuku na mikataba, si kwa kuwaandika watu kazi moja kwa moja. Ya pili ni kwamba kufikia 2007 fedha nyingi za Katrina zilikuwa zimekwishapangiwa njia, na aliyeko kwenye njia hiyo hapendi ibadilishwe. Ingekuwa sheria hiyo ilikuwepo kabla ya kimbunga, ikisubiri kuwashwa, mambo yangekuwa mengine. Programu za maafa zinazofanya kazi haraka ni zile zilizoandikwa maji yakiwa bado mtoni.

Wapo wachumi wanaopinga wazo lenyewe, na si wajinga. Wanasema serikali ikiajiri watu laki moja itawavuta mafundi kutoka kwa wakandarasi binafsi na kupandisha gharama za kila mwenye nyumba anayejenga. Hoja hiyo ina nguvu kwa fundi umeme, ambaye kweli alikuwa adimu. Haina nguvu kwa yule mama aliyekuwa akipika katika mkahawa wa shule ambayo sasa haipo. New Orleans iliwaachisha kazi zaidi ya wafanyakazi 7,000 wa shule za umma baada ya kimbunga, walimu na wapishi na madereva. Watu hao hawakuwa wakigombewa na mkandarasi yeyote. Mafunzo yaliyoandikwa kwenye muswada yaliwalenga wao, kwa hiyo mimi nauona upinzani huu kuwa nusu tu ya hoja.

Udhaifu wa kampeni uliokuwa wa kweli zaidi ni ule wa kampeni zote za wanafunzi: watu wake huhitimu. Aliyejifunza kumpigia simu msaidizi wa mbunge Oktoba, Mei anavaa joho na kuondoka, na Bunge linahesabu miaka miwili miwili. Darasa la San Jose lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuifanya kampeni kuwa sehemu ya masomo, kila kundi likipokezwa kijiti na lililotangulia, na kwa kuwashirikisha wenyeji wa Ghuba ambao hawahitimu popote. Mapema 2008 wanafunzi wa vyuo kadhaa walitumia likizo yao kwenda Louisiana kukutana na wakazi na wanasiasa wa huko.

Kijiti hicho hakikuishia Louisiana. Darasani kwa Myers-Lipton wanafunzi waliofuata waligeukia mji wao wenyewe, wakaanzisha kampeni ya kupandisha kima cha chini cha mshahara San Jose. Wakakusanya saini, wakashirikiana na vyama vya wafanyakazi na mashirika ya jamii, na Novemba 2012 wapiga kura wakaipitisha: kutoka dola 8 hadi 10 kwa saa, kuanzia Machi 2013. Safari hii hawakuhitaji kamati yoyote ya Bunge.