Je, wajua kwa nini bunduki ya gemu haimpati bata kwenye televisheni bapa?

Tuseme umeopoa mashine ya gemu za kaseti kwenye mitumba ya Kiborloni, mjini Moshi, pamoja na bunduki yake ya plastiki, ukaifikisha nyumbani na kukuta inawaka bila shida. Bata wanaruka, mbwa anacheka, lakini hata ukisogeza mdomo wa bunduki hadi ukaribie kugusa kioo, hakuna bata anayeanguka. Wengi hudhani bunduki imekufa, kumbe mara nyingi ni nzima na kinachoikwamisha ni televisheni bapa ya sebuleni.

Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya gemu iitwayo Famicom nchini Japani mwaka 1983, na Duck Hunt, ndiyo hiyo gemu ya kuwinda bata, ikafuata mwaka 1984. Mashine nyingi za bei nafuu zilizotufikia baadaye ni nakala za Famicom, na zote zilikusudiwa televisheni za chogo.

Jina la bunduki linapotosha, kwa sababu haitoi kitu chochote: ni jicho. Ndani ya mdomo wake kuna kifaa kidogo cha kuhisi mwanga. Unapovuta kifyatulio, mashine hukifanya kioo chote kuwa cheusi kwa muda wa picha moja, kisha huchora kisanduku cheupe pale alipo bata, na bata wakiwa wawili, kila mmoja huchorewa chake kwa zamu. Bunduki ikiona giza na kisha mwanga, mashine huhesabu kwamba umelenga, na kwa kuwa inajua ilikuwa zamu ya kisanduku kipi, hujua pia bata wa kumwangusha. Giza hutangulia ili mjanja asielekeze bunduki kwenye balbu akajizolea pointi za bure.

Katika PAL, mfumo wa ishara za picha uliotumika Tanzania enzi za televisheni za chogo, mashine hupeleka picha 50 kwa sekunde, yaani kila moja ina milisekunde 20 tu. Televisheni ya chogo haina cha kusubiri: ishara ikiingia, mwale wa elektroni huchora mstari baada ya mstari papo hapo. Televisheni bapa huipokea picha kwanza, huigeuza kuwa ya dijitali, huitanua kutoka mistari 240 ili ijaze kioo chenye mistari 720 au 1,080, ndipo huionyesha. Kazi hiyo huweza kuchukua makumi ya milisekunde, na kisanduku kinapotokea, mashine imekwisha kuamua kwamba umekosa. Tena bunduki ya Nintendo yenyewe ina kichujio kinachotafuta mwanga unaopwita kwa kasi ya mistari ya chogo, takriban mara 15,000 kwa sekunde, mpwito ambao televisheni bapa haina.

Kwa hiyo kifaa cha kugeuza waya wa njano, unaobeba picha kutoka kwenye mashine, kuwa HDMI, tundu la dijitali la televisheni bapa, ambacho muuzaji atakusifia sana, hakitamwangusha bata hata mmoja, na huenda kikaongeza ucheleweshaji. Gemu zisizo za bunduki huchezeka vizuri, hasa ukiwasha hali ya gemu kwenye menyu ya televisheni. Angalia tu tundu: televisheni nyingi za sasa zimeunganisha tundu la njano na la kijani, na ukichomeka hapo huku menyu imewekwa kwenye chaguo lisilo la AV (yaani la waya wa njano), picha inaweza kuja nyeusi na nyeupe ukadhani mashine ina kasoro.

Kabla ya kuitupa bunduki, basi, tafuta chogo. Kwa mafundi wa Majengo pale Moshi, au wa Ngarenaro huko Arusha, pengine utaikuta moja imekaa sakafuni ikisubiri kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ikikosa tundu la njano, chomeka waya wa mashine kwenye tundu la antena, kisha uizungushe chaneli polepole mpaka chenga zikatike na bata watokee.