Debian na mkataba wake: yanayosemwa na yaliyopo

"Programu huria maana yake bure." Hili tulimalize haraka. Kuuza nakala za Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, ni ruksa. Kinachodaiwa ni uhuru wa kusoma msimbo chanzo (maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo), kuubadilisha na kuugawa.

"Mkataba wao haugusiki." Mkataba wa Kijamii wa Debian, yaani ahadi za mradi kuhusu programu huria, ulipitishwa Julai 1997, miaka minne baada ya Ian Murdock kuanzisha mradi, na umeguswa zaidi ya mara moja. Mwaka 2004 wanachama walipiga kura kunyoosha maneno yake. Marekebisho ya kihariri, waliyaita! Kumbe maneno mapya yalidai kila kilichomo ndani ya Debian kiwe huru, nyaraka na fimwea (vijiprogramu vinavyoendesha vifaa vya kompyuta) zikiwemo. Toleo la Debian liitwalo sarge, lililokuwa linakaribia kutoka, likakwama. Ikabidi wapige kura nyingine mwaka huohuo kuahirisha utekelezaji, na sarge likatoka Juni 2005.

"Walipolegeza 2022, walisaliti misingi." Hapa ndipo penye ubishi, na mimi nina upande. Kadi nyingi za waifai haziamki bila fimwea, vijiprogramu ambavyo kwa kawaida mtengenezaji hatoi msimbo wake. Diski rasmi ya kusakinishia Debian haikuwa navyo. Mgeni alijikuta hana mtandao, akaambiwa na wenyeji kwamba ipo diski nyingine, isiyo rasmi, imewekwa pembeni. Akaipakua. Mkataba ulibaki safi, naye akatumia kilekile kilichokatazwa, bila hata kuelezwa ni kipi.

Kura ya 2022 ilirekebisha mkataba, jambo linalohitaji kura tatu za ndiyo kwa kila moja ya hapana. Debian 12, ya Juni 2023, ikaja na diski moja rasmi yenye fimwea hizo, zikiwa zimetengewa sehemu yake kwenye hazina ya programu. Naona huo ndio uaminifu zaidi.

"Kabla ya hapo Debian ilikuwa safi machoni pa wote." Wapi! Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, haikuwa imeiidhinisha hata wakati huo, kwa kuwa seva za mradi zilihifadhi pia programu zisizo huru.

"Sasa mtumiaji hana hiari." Anayo: fimwea anaweza kuizima pale anapowasha kisakinishi. Kisha atafute kadi ya waifai inayofanya kazi bila fimwea iliyofungwa, na hapo ndipo kwenye kazi.