Skana ya gari: inasoma nini hasa, na ipi ya kuweka nyumbani

Skana ni kifaa unachochomeka kwenye gari ili kusoma kile ambacho kompyuta ya injini imekihifadhi. Mitaani Arusha wengi huiita mashine tu: "kalipeleke kwenye mashine likapimwe." Kompyuta hupokea vipimo kutoka kwenye sensa muda wote injini inapozunguka. Kipimo kikitoka nje ya mipaka, inaandika namba ya hitilafu na, mara nyingi, kuwasha taa ya cheki injini. Skana haijui kipuri gani kimekufa. Inasoma namba iliyoandikwa, basi.

Namba huanza na herufi: P ni injini na gia, C ni mambo ya chini kama breki za ABS, B ni bodi na eabegi, U ni kompyuta za gari kushindwa kuwasiliana. Ukiona P0, maana yake ni moja kwa watengenezaji wote. P1 kila kampuni ina yake. P0301, kwa mfano, ni silinda namba moja inamisi. P0420 ni masega ya eksozi kutosafisha moshi inavyotakiwa, na hiyo utakutana nayo sana kwa magari ambayo masega yalishatolewa.

Inayokula fedha za watu ni P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Taarifa hiyo hutoka kwenye sensa ya oksijeni, kwa hiyo mtu anakimbilia dukani kununua sensa ya oksijeni. Huko ni kumfukuza shahidi kwa sababu amesema ukweli. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Kwa anayeendesha kila siku kwenye barabara za vumbi, mimi ningeanza na hiyo ya mwisho: inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, hainunuliwi upya.

Ndiyo maana skana inayotoa namba peke yake haitoshi. Chagua inayoonyesha vipimo injini ikiwa inaunguruma. Kwenye P0171 angalia asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kiasi gani. Kwenye skrini huandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Ikiwa juu, tuseme 20, gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikashuka ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500, shuku hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, geukia pampu, chujio au sensa ya hewa.

Kuna kipimo kingine kinachowachanganya watu wa huku. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, sensa ya MAP (inayopima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini), kwa gari lenye nayo, husoma mgandamizo wa hewa ya nje. Maelezo mengi ya mtandaoni yatakuambia utegemee kilopaskali 100 hivi. Hiyo ni Dar es Salaam au Tanga. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya bahari, namba sahihi ni 85 au 86. Ukishuka Moshi inapanda hadi 91 hivi. Usiuziwe sensa mpya kwa sababu ya mlima.

Sasa kuchagua. Swali la kwanza ni kama gari lako litajibu kabisa. Mfumo wa OBD2, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta za magari kuongea na skana, ulikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa ya petroli kuanzia 2001. Lakini Vitz, IST, Noah na Mark II tulizonazo zilitengenezwa kuuzwa ndani ya Japani, ambako sheria hizo hazikuzibana. Nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zina soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani, ila zinaongea lugha ya Toyota yenyewe. Skana ya kawaida inawaka, inatafuta, kisha inasema haijaunganishwa, na mwenye gari anadhani kauziwa kimeo. Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe kwenye gari lako hapo hapo. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kifaa cha bei ndogo ni kile kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa bluetooth. Kwa gari la petroli la mtu binafsi naona kinatosha, mradi programu ya simu iwe na mpangilio wa Toyota au Nissan za Kijapani. Vilivyonakiliwa vimejaa sokoni, na vingine vimepunguzwa uwezo. Wenye iPhone watafute cha Wi-Fi au cha bluetooth ya BLE (aina inayokula umeme kidogo). Cha mkononi chenye skrini yake kinapunguza usumbufu wa simu, ila uliza kama kinasoma ABS na eabegi, maana vingi vinaishia kwenye injini. Mashine kubwa za kupanga funguo na kuprogramu kompyuta waachie gereji.

Na kama gari lako ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ, kama nyingi za kupeleka wageni porini, usinunue chochote: pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na haina kompyuta ya kuhojiwa.

Ukimaliza kupima, chomoa. Pini namba 16 ina umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni, na gari linalolala siku kadhaa na kifaa hicho linaweza kugoma kuwaka.

Faida kubwa, kwangu, ni siku ya kununua gari la mkononi. Kufuta namba ni kazi ya sekunde chache, kwa hiyo kukuta hakuna hitilafu hakuthibitishi kitu. Kama gari lako na skana vinaruhusu, fungua ukurasa wa majaribio ya ndani ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likitembea. Yakiwa mengi hayajakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni au betri ilichomolewa. Muulize mwenye gari ni lipi kati ya hayo, kisha omba uliendeshe mpaka Usa River na kurudi, upime tena.