Mtoto wa jicho si embe, hangojewi aive

Wazee wengi mtaani wanaamini mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi (kile kioo kidogo ndani ya jicho), hapasuliwi mpaka akomae, yaani mboni iwe nyeupe kabisa huoni kitu ndo uende hospitali. Na hii haijatoka hewani jamani, zamani madaktari wenyewe walikuwa wanasema hivo, maana walitoa lenzi nzima na iliyokomaa ndo ilitoka vizuri, alafu mtu anaishia na yale mamiwani mazito kama kitako cha chupa.

Sa hivi lenzi yenye ukungu inatolewa inawekwa ya bandia humohumo ndani ya jicho, mara nyingi kwa ganzi tu na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachoangaliwa ni je, ukungu unakuzuia shughuli zako? Bibi akishindwa kupitisha uzi kwenye sindano au kuchambua mchele, tayari aende. Ukingoja sana lenzi inakuwa ngumu, operesheni inakuwa kazi zaidi, na nyingine inavimba inapandisha presha ya jicho, hapo mshipa wa fahamu ukiharibika ndo basi.

Kujipima ni rahisi: ziba jicho moja kwa kiganja, soma kalenda ukutani, alafu badilisha. Ukiona ukungu nenda, na muulize anayekupima kasomea nini, maana mpima miwani na daktari bingwa wa macho si mtu mmoja, bingwa kasoma udaktari wa kawaida kwanza ndo akaongeza miaka mingine ya macho tu. Matone ya dukani hayaondoi huo ukungu.