Kusikiliza si Kunyamaza: Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Vikaoni Bukavu

“Papa, mimi nilimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, sikufungua mdomo hata mara moja.” Maneno hayo niliambiwa juma lililopita huko Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, na mwenye nyumba iliyo juu mlimani, ambaye maji ya mvua kutoka kwenye mabati yake humwagikia uani mwa mama anayeishi chini yake. Alisema kweli kwamba hakufungua mdomo, kwani alikaa amekunja mikono muda wote mama huyo alipokuwa akizungumza. Nilipomwomba anieleze mwenzake ameomba nini, alijibu: “Anataka nimjengee ukuta.” Mama hakuwa ametaja ukuta. Aliomba mfereji wa paani ugeuzwe, maji yaelekee njiani.

Katika kazi yangu ya usuluhishi, hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba kusikiliza ni kunyamaza. Ninaisikia kwa wanandoa, kwa wazee wa kanisa na kwa vijana waliotoka masomoni, na karibu kila mara husindikizwa na ule msemo kwamba Mungu alitupa masikio mawili na mdomo mmoja. Msemo huo sasa unaniudhi, maana masikio ya jirani yule yalikuwa wazi yote mawili.

Ukweli ni kwamba anayesikiliza anafanya kazi, na kazi hiyo huonekana na kusikika. Mwaka 2000, Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, nchini Kanada, walichapisha jaribio ambamo watu walisimulia jinsi walivyoponea chupuchupu katika hatari fulani. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya kuhesabu maneno yanayoanza kwa herufi “t”. Hao walitega masikio sawasawa, lakini hawakuwa wakifuata habari yenyewe, kwa hiyo waliitikia kidogo: hapakuwa na “loo!”, wala uso uliokunjamana pale hatari ilipokaribia. Wasimuliaji wao waliharibu habari zao wenyewe, hasa mwishoni. Wengine walikatisha ghafla, wengine wakarudia yaleyale au wakaanza kujitetea kwa nini habari yao ilistahili kusimuliwa. Mama wa Kadutu naye alirudia jambo lake mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na jirani akaona hiyo ni dalili ya ubishi.

Kuna sababu ya sisi sote kuteleza hapa. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10, zikiwemo Kijapani, Kidenmaki na Kiitaliano, ulionyesha kwamba mtu anapoulizwa swali, kwa wastani jibu huanza baada ya takriban milisekunde 200 tu, ilhali tafiti nyingine zinaonyesha kwamba kuandaa hata neno moja la kutamka huchukua takriban milisekunde 600. Maana yake ni kwamba tunaanza kupanga jibu kabla mwenzetu hajamaliza, na katika ugomvi jibu hilo huwa tumeshalipanga tangu nyumbani.

Ndiyo maana ninashikilia kanuni moja, hata wanaonijua wakinicheka: kabla ya kujibu, mwambie mwenzako kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, kisha ungoje aseme “ndiyo, ndivyo”. Si jambo langu jipya. Wanasaikolojia Carl Rogers na Richard Farson waliandika juu ya usikilizaji wa aina hii huko Marekani mwaka 1957. Tafadhali usirudie neno kwa neno kama kasuku, kwa sababu mtu aliyekasirika huona unamdhihaki.

Dhana nyingine hazinisumbui sana. Katika semina za Goma na Bukavu bado huandikwa ubaoni kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu namna tunavyokisia hisia za mtu pale neno lake, sauti yake na uso wake vinapopingana, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba haihusu mawasiliano yote. Kama ingehusu yote, mtu wa Lubumbashi asiyejua Kimashi angefika Kabare, wanakozungumza lugha hiyo, na kuelewa karibu kila kitu.

Wengine huogopa kuuliza, wakidhani kwamba kuuliza ni kupeleleza. Utafiti wa Karen Huang na wenzake wa Harvard, wa mwaka 2017, ulikuta kwamba wanaouliza maswali mengi zaidi, hasa yanayofuatia jambo ambalo mwenzao amelisema punde, hupendwa zaidi na wanaozungumza nao. Sizungumzii swali la mshahara wa mtu. Na wanaodhani kwamba mazungumzo mazuri lazima yaishie kwenye makubaliano, nawaambia tu kwamba nimeona makubaliano mengi yaliyotiwa saini na watu ambao hawakuelewana hata kidogo.

Jirani wa Kadutu nilimwomba ajaribu tena. Mara ya kwanza alirudi kwenye ukuta, mara ya pili akaongeza habari za baba wa huyo mama, na mara ya tatu akasema: “Unaogopa maji yatakula udongo wa chini ya jiko lako.” Mama akaitikia, “Ndiyo, ndivyo,” akaketi. Mfereji haujageuzwa bado. Wanamngoja fundi, na safari hii wanamngoja wote wawili.