"Mwanangu, leo mnagawa nini?" Dhana tunazokutana nazo wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu Nyanda za Juu Kusini

Tulikwenda kijiji kimoja cha Kyela, kule kwenye mpunga na kakao, kufundisha huduma ya kwanza kabla mvua kubwa hazijaanza. Kina mama waliwahi kufika, wengi wakiwa na viroba vitupu vimekunjwa kwapani. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mnagawa nini?" Nikamwambia, "Mama, leo tumeleta mafunzo." Alikaa, ila nilimwona uso ukimshuka. Simlaumu hata kidogo. Amezoea kutuona maji yakishapita, tukiwa juu ya lori.

"Msalaba Mwekundu huja maafa yakishatokea"

Hii ndiyo dhana inayotuumiza kuliko zote. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba za watu Itezi, hapa hapa jijini Mbeya. Janga la namna hiyo halimsubiri mtu apakie mablanketi. Mto Kiwira ukifurika usiku, mtu wa kwanza kumfikia aliyezingirwa na maji ni jirani yake, na hata huyo atafika kwa kupapasa gizani. Linalobaki ni kujua huyo jirani amefundishwa nini.

Je, anajua kwamba ufa mpya ardhini upande wa juu wa nyumba, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyokuwa safi ikaanza ghafla kutoa tope ni dalili za kuondoka na watoto usiku huo huo? Je, anajua kwamba aliyeanguka na kuumia mgongo havutwi kwa mikono kama gunia la viazi, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi? Je, kuna anayejua ni nyumba zipi zina mzee asiyeweza kutembea?

Tunaposema tunaimarisha kitengo cha maafa, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Tunaandika orodha ya kaya zenye wagonjwa na walemavu, tunakubaliana njia ya kukimbilia na shule iliyo mwinukoni, tunapanga nani atatangaza kwa kipaza sauti cha kanisa au msikiti, na machela inakaa kwa mtu anayejulikana. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ikikutana kwa mara ya kwanza siku ya mafuriko, imeshachelewa.

"Ni shirika la wazungu," na wengine, "ni idara ya serikali"

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge letu mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Wanachama wake ni Watanzania wanaolipa ada. Kisheria ni msaidizi wa serikali katika huduma za kibinadamu, lakini hakiko chini ya chama chochote cha siasa, na kinapaswa kumhudumia mtu kwa kadiri ya shida yake bila kuuliza kabila, dini wala kadi aliyonayo mfukoni. Ukimwona mjitoleaji anabagua, mripoti. Amevunja msingi wa kutopendelea, mojawapo ya misingi saba ya Msalaba Mwekundu duniani iliyopitishwa mwaka 1965.

"Ule msalaba ni wa Kikristo, au ni alama ya duka la dawa"

Hapana kwa yote mawili. Alama hiyo ilikubaliwa Geneva katika miaka ya 1860, baada ya Mswisi Henry Dunant, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu, kuona majeruhi wameachwa bila msaada vitani Solferino, Italia, mwaka 1859, na rangi zake ni za bendera ya Uswisi zilizogeuzwa. Komoro, jirani zetu, wanatumia hilali nyekundu, na harakati ni ile ile moja. Vitani alama hii humwambia mwenye bunduki asipige. Kuichora ukutani kwa duka la dawa ni kuipunguzia uzito, na sheria inakataza.

"Huku kwetu chakula kipo, lishe ni shida ya watu wa ukame"

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana linanikera na kunihuzunisha kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Mkoa wa Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa wanakaribia nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi!

Shida haianzii ghalani. Inaanzia kwenye kibakuli cha mtoto, ambamo mna uji wa mahindi mtupu asubuhi na ugali kwa mboga kidogo jioni. Parachichi zinapakiwa kwenye kreti kwenda sokoni, mayai yanauzwa, maharage yanasubiri bei. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba, na akiharisha mara kwa mara hata kile kidogo alichokula hakikai mwilini. Kudumaa hakuonekani kwa macho, kwa sababu watoto wa mtaa mzima wako kimo kimoja.

Gunia la unga la msaada halitatibu hali hii. Kinachosaidia ni vikundi vya kina mama wanaopika pamoja, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ukisagwa ndani ya uji, parachichi ikipondwa, na baba naye akiwepo pale, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kuku auzwe au aliwe. Baba asiposhirikishwa, somo linaishia jikoni.

"Dawa ya klorini kwenye maji inaua uzazi"

Uvumi huu huibuka kila kipindupindu kinapoingia. Klorini ikitumika kwa kipimo kilichoelekezwa huua vimelea, na haigusi uzazi wa mtu. Kipindupindu huua kwa kumaliza maji mwilini, na kinaweza kufanya hivyo ndani ya saa chache. Kama huna pakiti ya chumvichumvi, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mnyweshe mgonjwa mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

"Mkaa ukishakolea moshi ukaisha, jiko ni salama kuingiza ndani"

Ndugu zangu wa Makete na Uporoto, najua baridi ya Juni na Julai. Lakini hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mkaa mwekundu usio na moshi huitoa vile vile. Usilale na jiko. Kamwe.

"Wanaojitolea ni vijana waliokosa ajira, wanatafuta posho"

Wapo walimu, mafundi, dereva bodaboda, kina mama wa sokoni. Hawalipwi mshahara, ila kujitolea kuna gharama zake, na hapa lawama zinatuhusu sisi wenyewe. Nimeshuhudia mradi wa mwaka mmoja ukinunua fulana na kuwafundisha vijana 30, kisha ukafungwa. Mvua iliyofuata, kijana mmoja kati ya hao alibeba wazee kwenye maji akiwa na kandambili, na nauli ya kurudi kwao alikopa.

Tawi la wilaya linahitaji ada za wanachama zinazokusanywa kweli, hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama, na mafunzo ya huduma ya kwanza ya kulipia kwa viwanda, mashamba ya chai na kampuni za mabasi, ili fedha ibaki hapa. Linahitaji bima kwa wajitoleaji, gambuti, makoti ya mvua, tochi, na marudio ya mafunzo kila mwaka kabla ya Novemba.